Mtoto Aliyebadilika Baada ya Ugonjwa: Je, Ana Kosa?

Mtoto wa miaka saba alikuwa mpole, mwenye kusikia wazazi. Siku moja homa kali ikamshika pamoja na degedege, akapotewa na fahamu. Akatibiwa hospitalini, akapona. Nyumbani watu wakashangilia. Lakini baada ya miezi michache akawa mwenye hasira. Akitumwa maji, husahau njiani; shuleni hatulii; hupiga wadogo zake. Baba humchapa. Majirani hunong'ona: «Huyu ni mchawi.» Je, mtoto huyu ana kosa?

Kwanza yafaa kufahamu ugonjwa wenyewe. Malaria huletwa na mbu. Pengine huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, na ubongo ukajeruhiwa. Nao ndio chombo cha kukumbuka, cha kusema na cha kuzuia hasira. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya watoto wa Blantyre, katika nchi ya Malawi: kati ya 132 waliopona malaria ya ubongo, 12 walishikwa na kifafa baadaye, kati ya wengine 264 waliougua pasipo kuzimia, hakuna hata mmoja.

Sasa tazameni: kosa ni la mtu anayejua ubaya, anayeweza kuuacha, naye akautaka. Anayeshindwa si sawa na anayekataa. Mtoto aliyevunjika mguu hachapwi kwa kuchechemea, maana kila mtu huuona mguu wake. Jeraha la ubongo halionekani, basi mtoto hupata hukumu mahali pa huruma. Kumwita mchawi ni udhalimu, na sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza.

Mwingine atauliza: «Basi, aachwe afanye apendavyo?» Sivyo, kumwacha ni kumtupa. Apewe agizo moja moja, kwa maneno mafupi. Saa za kula na kulala zisibadilike. Akichoka, apumzishwe, akifaulu, asifiwe. Akianguka kifafa, apelekwe hospitalini. Wenzake nao wafundishwe wasimcheke, kwa kuwa yeye mwenyewe hujua kwamba amebadilika, na huona jinsi anavyokimbiwa. Huzuni hiyo ni jeraha la pili, nalo halitoki kwa mbu, latoka kwa watu.

Enyi wazazi, kabla ya kuinua fimbo, jiulizeni: mtoto huyu amekataa, au ameshindwa?