Kujitolea Ugenini: Nani Humtolea Nani?

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha kauli ya kutendea hupenda kutumia vitenzi vya kila siku: kupikia, kununulia, kukatia. Akiongeza kiambishi -ji- cha kujirejea, hupata kujipikia na kujinunulia, na kila mwanafunzi huelewa kwamba apikaye ndiye atakayekula. Sasa tulitazame neno kujitolea. Limejengwa kwa matofali yale yale, lakini maana yake imekwenda upande mwingine: mtu hutoa nguvu zake na wakati wake kwa ajili ya wenzake, wala hadai ujira. Umbo lamwelekea mtoaji. Matumizi yamwelekea mpokeaji. Katika makala haya twapenda kuonyesha kwamba pande hizo mbili zimo pia katika tendo lenyewe, hasa linapotendwa na kijana aliyemaliza shule akaenda nchi ya mbali kuwasaidia watu asiowajua.

Tuchukue mahali pamoja pa kufikiria. Kikagate, ambayo wengi huiandika Kikagati, ni mji mdogo wa mpakani, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Murongo, nchini Tanzania. Mji huo umo katika wilaya ya Isingiro, iliyokuwa zamani sehemu ya Mbarara. Katika wilaya hiyo hiyo, penye ziwa Nakivale, yapo makazi ya wakimbizi yenye jina la ziwa hilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na leo wakazi wake wamepita 100,000. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na desturi ya makazi ni kumpa kipande cha ardhi alime. Hata hivyo, wapo waliozaliwa hapo, wakakua, wakaoa, nao bado huitwa wakimbizi.

Sasa na tumfikirie kijana wa miaka kumi na minane aliyetoka Ulaya, au hata Nairobi au Dar es Salaam, akafika Mbarara na mkoba wake mgongoni, akapelekwa Nakivale kufundisha watoto kwa miezi mitatu. Nia yake ni njema. Hatuna sababu ya kuitilia shaka. Lakini ana kitu kimoja ambacho wenyeji wake hawana, nacho ni tiketi ya kurudi. Yeye amekuja kwa hiari na ataondoka kwa hiari. Mama anayempokea hakuja kwa hiari, na kuondoka hakumo mikononi mwake. Kabla hawajasalimiana, mizani imekwisha kulala upande mmoja.

Yuko atakayeuliza: ubaya uko wapi, maadamu watoto wamefundishwa? Twajibu kwamba mtoto anayebadilishiwa mwalimu kila muhula hujifunza pia somo lisiloandikwa ubaoni, yaani kwamba watu wampendao huondoka. Mtoto aliyekwisha kupoteza kijiji na jamaa hana haja ya kurudiwa na somo hilo. Tena, kijana asiyejua ualimu kwao hawi mwalimu kwa kuvuka bahari. Shirika la Waingereza la VSO lilipoanza mwaka 1958, miaka ile ile Nakivale ilipofunguliwa, waliopelekwa ng'ambo walikuwa vijana waliotoka shuleni. Baadaye likageuka kutafuta watu wenye ujuzi wa kazi. Mageuzi hayo yatufundisha kwamba moyo mwema hauchukui nafasi ya ujuzi.

Padri Ivan Illich alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1968, huko Cuernavaca, Mexico, aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waje kutazama na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Maneno yake yalikuwa makali, na sehemu kubwa ya ukali huo ilistahili. Lakini sisi hatuwezi kufuatana naye hadi mwisho wa njia, kwa kuwa wahenga wetu walikwisha kutoa hukumu nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni hakukatazwa kufanya kazi. Ila tuangalie vizuri mpangilio wa methali hiyo. Kwanza mgeni hukaa, akala, akasikiliza. Na jembe hatoki nalo kwao, hupewa na mwenyeji, kwenye shamba alilolichagua mwenyeji. Mgeni anayefika na jembe lake na kuanza kulima asipoonyeshwa, huenda akang'oa mihogo akidhani ni magugu.

Afrika Mashariki ina mfano wake pia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilipotaka kila mtoto asome, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha. Upungufu wao ulijulikana na ulilalamikiwa. Lakini walikuwa chini ya uangalizi wa walimu wazoefu, walisema lugha ya watoto, na mwaka ulipokwisha walikuwapo. Aliyekosea leo alikutana kesho na mzazi wa mtoto aliyemkosesha. Kijana wa miezi mitatu hakutani na mzazi huyo, na hapo ndipo wajibu unapopungua uzito.

Basi, je, vijana wetu tuwazuie? La. Tunachodai ni kwamba neno kujitolea lisemwe kwa pande zake zote mbili. Kijana huyo atapata mengi: atajifunza lugha, ataijua dunia, na cheti chake huenda kikamfungulia mlango wa chuo au wa kazi. Kupata faida hiyo si dhambi. Dhambi ni kuificha na kujiita mfadhili, hali mwenyeji aliyemwazima mwanawe, muda wake na uvumilivu wake akiitwa msaidiwa. Aliyepokea zaidi ya alivyotoa ana deni, na deni hilo hulipwa kwa kujifunza Kiswahili cha wenyeji kabla ya kutaka kuwafundisha, kwa kufanya kazi chini ya mwalimu wa hapo, na kwa kutomnyima riziki mtu wa hapo awezaye kazi hiyo.

Tena liko jambo la haki. Ndani ya makazi yenyewe wamo vijana, mathalani Wakongo waliofika na Kiswahili cha Kivu, ambao huwafundisha wenzao kusoma, huwakalimania wagonjwa, na huwaongoza wageni, mara nyingi bila malipo. Hao nao wanajitolea. Lakini mara chache kazi yao huitwa hivyo, na ni nadra kwa chuo cha ng'ambo kuihesabu kuwa sifa. Kama tendo ni moja, kwa nini jina liwe la mmoja tu?

Walimu wenzetu, mwanafunzi akituijia kuomba barua ya kumtambulisha kwa kazi kama hiyo, tusimpe kabla hatujamwuliza: Nani huko amekuita? Utafanya kazi chini ya nani? Ukiondoka, nani ataiendeleza? Akiwa na majibu, tumpe barua na baraka zetu. Asipokuwa nayo, tumshauri aende kwanza kama mwanafunzi, akae, asikilize, na asubiri jembe. Kusubiri huko nako ni kujitolea, pengine kuliko kugumu zaidi, kwa kuwa hutoa kile ambacho kijana hupenda kubaki nacho hadi mwisho: kujiona kuwa yeye ndiye anayejua.