Yowe la Anayezama

Katika fukwe za Ziwa Viktoria, tangu Mwanza mpaka Ukerewe na Musoma, iko desturi isiyoandikwa popote: mvuvi asikiapo yowe la mtu anayezama huacha nyavu zake, akapiga kasia kuielekea sauti. Haulizi kabila wala deni. Sisi tuliolelewa kando ya maji hayo tulidhani desturi hii haina mpaka, mpaka tuliposoma habari za vita katika Bahari ya Hindi.

Wanafunzi wetu wengi huvihesabu Vita Kuu vya Pili kuwa jambo la Ulaya. Lakini Februari 1941 manowari ya Kiingereza ya kubebea ndege, Hermes, ilikuwa nje ya Kismayu pamoja na manowari Hawkins na nyinginezo, zikizizuia meli za adui zisitoroke, huku askari wa Kiafrika wakiuendea mji ule kwa nchi kavu. Hermes ilikuwa ndogo, ndege zake chache. Tarehe 9 Aprili 1942, ikiwa haina ndege hata moja, ilishambuliwa na ndege za Wajapani karibu na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikazama. Walikufa watu 307. Mamia waliosalia waliokotwa na meli ya hospitali iliyoitwa Vita, jina ambalo Mswahili hulisoma kwa huzuni, kumbe kwa Kilatini maana yake ni uhai. Wajapani waliiona meli ile, wasiiguse. Kwa hiyo hata vitani yowe la anayezama liliweza kusikiwa.

Baada ya mashambulizi hayo Waingereza walihamishia sehemu kubwa ya manowari zao Kilindini, Mombasa. Kutoka huko, Februari 1944, msafara wa meli tano za abiria ulielekea Colombo, Hawkins ile ile ikiwa mlinzi. Katika Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511: mabaharia, wauguzi wanawake, na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa nchi zetu waliokwenda kupigania himaya isiyokuwa yao. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili.

Wachache waliotoka walikuwa wakielea, wakishikilia vipande vya mbao. Nyambizi ikajificha chini yao. Manowari Petard na Paladin zilikuja, na waliokuwa majini bila shaka walidhani ni msaada. Lakini mabomu ya kulipukia chini ya maji yaliangushwa palepale walipokuwa. Nyambizi ilizamishwa baadaye. Watu 1,297 wa Khedive Ismail walikufa, wakasalia 214.

Je, nahodha alitenda haki? Wako wanaojibu upesi kwa hesabu: meli nne zilikuwa zingali baharini, zimejaa watu. Hatuidharau hesabu hiyo. Nahodha aliyeiacha nyambizi iende zake angeulizwa na maiti wengine. Lakini hesabu humgeuza mtu kuwa tarakimu, na yule anayeelea hakuombwa ridhaa yake. Kwetu sisi, tendo lile laweza kuwa la lazima na bado likabaki deni. Mwenye kulitenda hana ruhusa ya kulala usingizi wa asiye na hatia. Na deni zito zaidi ni la waliowapakia vijana wale Kilindini.

Mwanza nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka karibu na mji. Waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga. Kwa nia ya kuwaokoa, bati la chini likatobolewa. Hewa ikatoka, meli ikazama nao. Huko mkono ulioua ulikuwa ukiitika yowe, nao haukujua. Kule Maldives mkono ulijua. Kuyapima makosa haya mawili kwa mizani moja ni kuuonea utu.

Majina ya askari wale yamo katika makaburi ya vita ya Nairobi. Wengi wa Bukoba wamelala Igoma. Siku moja tulipowaeleza wanafunzi habari hizi palepale Igoma, wavulana walibishana sana juu ya nahodha. Msichana mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza kama wale waliokuwa wakielea walipunga mikono walipoziona manowari zinakuja.