Sifa na Deni: Mpagazi wa Vita Mbele ya Utenzi na Mnara

Mjadala kuhusu vita katika fasihi ya Kiswahili aghalabu huanzia kwa shujaa na kuishia kwake. Tangu Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka wa 1728, hadi Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka wa 1967 na unaohusu Vita Vikuu vya Pili, mhakiki hujiuliza shujaa ni nani, ana sifa zipi, na mtunzi ameegemea upande upi. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, yamejengwa juu ya dhana moja isiyotajwa: kwamba anayestahili kukumbukwa kutokana na vita ni yule aliyepigana, na kwamba namna ya kumkumbuka ni kumsifu. Katika makala haya tunakusudia kuihoji dhana hiyo kwa kumtazama mtu ambaye hakupigana, na aghalabu hakuchagua kwenda, lakini akafa: mpagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika ya Mashariki.

Historia yake tutaigusia tu. Vita kati ya Waingereza na Wajerumani katika eneo hili vilianza mwezi wa Agosti 1914, vikaisha Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Reli zilikuwa chache, na mbung'o waliangamiza farasi, nyumbu na ng'ombe. Risasi, unga na mahema vikapanda vichwani mwa watu. Baadhi yao walijiandikisha kwa ujira. Lakini sheria ya mwaka wa 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka wa 1917 msako mkubwa ukaenea wilaya baada ya wilaya katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Wajerumani nao walishurutisha watu vivyo hivyo. Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga wa mahindi usioiva vizuri waliopewa watu waliozoea vyakula vingine. Waingereza wenyewe waliandika vifo vya wapagazi vinavyozidi 40,000, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo maradufu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi chao, ingawa anayekwenda huko sokoni leo hana sababu ya kulifikiria.

Sasa tumweke mtu huyu mbele ya utenzi. Utenzi wa vita, kwa mujibu wa kaida zake, humtaka mhusika awe na jina, kauli na tendo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika utenzi wake kuhusu Wajerumani kuutamalaki Mrima, anaye Abushiri. Mtu ana nasaba, ana maneno, ana uamuzi anaouchukua na kuyabeba matokeo yake. Kisa husonga mbele kwa maamuzi ya namna hiyo. Kifo cha kuhara kando ya njia hakina kisa. Hakina adui anayeonekana, hakina jibizano, hakina kilele. Hata mtunzi mwenye huruma akitaka kumtia mpagazi katika utenzi, fani yenyewe humkataa, au humkubali kwa sharti la kumgeuza awe asiyekuwa: humpa kifua mbele, humpa hotuba. Tukumbuke pia kwamba watunzi wa tendi wana desturi ya kujitaja mwishoni, wakaeleza nasaba zao, wakahesabu beti zao na kuandika tarehe. Fani hii, kwa hiyo, haikuwa ngeni kwa majina na hesabu. Ni kwamba nafasi hiyo ilitengewa mtunzi, na katikati ilitengewa shujaa.

Mnara ulifanya jambo jingine, na pengine baya zaidi. Ule wa Dar es Salaam, wa mwaka wa 1927, una askari mmoja mwenye bunduki. Ule wa Nairobi, wa mwaka wa 1928, una sanamu tatu, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Je, huo si ushindi wa haki? Tuyasome maandishi yake, yale ambayo huhusishwa na Rudyard Kipling. Wapagazi wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hii imependwa sana, na ni rahisi kuona kwa nini. Inatambua kwamba bila wao jeshi lisingetembea. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: kichwa ni nani? Mguu haushauriwi. Mkono haufi, hukatika, na mwili ukaendelea kuishi. Kisha maandishi yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mpagazi hakuwa akiipigania nchi yake, na jina lake halikuandikwa hapo.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapojitokeza waziwazi. Kumsifu mtu ni kusema kwamba tendo lilikuwa lake, kwamba angeweza kutolitenda naye akalitenda. Sifa na lawama ni pacha. Asiyeweza kulaumiwa kwa jambo hawezi kusifiwa kwalo. Tukisema mpagazi ni shujaa wa ushindi wa Waingereza, basi tumhesabie pia sehemu ya yale yaliyoambatana na ushindi huo. Katika Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na watu, na ukame ulipoongezeka ikaja njaa ile inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Nani atathubutu kumdai jibu la njaa hiyo mtu aliyekamatwa shambani mwake na kutwishwa gunia? Hatuthubutu, kwa sababu tunajua hakuwa na hiari. Maadam tunajua hivyo, hatuna haki ya kumvika nishani kwa kutumia hiari hiyo hiyo ambayo hakuwa nayo. Askari ni suala jingine: wengi wao waliingia jeshini kwa mshahara na heshima, nao walikuwa na bunduki. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake ya Afterlives ya mwaka wa 2020, ameonyesha jinsi askari wa Wajerumani alivyoweza kuwa mhanga na mtesi kwa pamoja.

Hoja hii inatufikisha mahali pasipo na raha. Ikiwa sifa hufuata hiari, basi katika mwaka wa 1917 aliyestahili kusifiwa zaidi yamkini ni yule aliyetoroka: aliyelala porini msako ulipopita, au aliyeutua mzigo usiku na kurudi kwao. Huyo alichagua. Hana mnara, wala simjui mtunzi aliyemtungia utenzi.

Yupo atakayepinga kwamba kumnyima mpagazi sifa ni kumdhalilisha mara ya pili. Kwamba kustahimili nako ni ushujaa. Pingamizi hili lina uzito. Ndani ya kulazimishwa mtu hubaki na uwanja mdogo wa kuchagua: kumgawia mgonjwa maji, kumpokea mwenzake mzigo, kukataa kumwibia. Matendo hayo ni yake na yanastahili sifa. Lakini ni sifa ya utu wake, si ya utumishi wake, na wanaoijenga minara hawakuisimamisha kwa ajili ya hiyo. Ustahimilivu wake ukisifiwa kama mchango kwa vita, sifa hugeuka kuwa stakabadhi: inasema deni limelipwa.

Nalo halijalipwa. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi wao. Lipo pia deni la jina, ambalo linatuhusu zaidi sisi watu wa fasihi. Haiwezi kusemwa kwamba wapagazi hawakujulikana. Walivishwa vibati vyenye nambari, na mara baada ya vita serikali iliwavisha wanaume Waafrika wa Kenya kipande shingoni. Dola iliyoweza kuwahesabu hai isingeshindwa kuwataja wafu. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu.

Mhakiki wa tendi anaweza kuanzia hapo: asome beti za mwisho, zile za jina la mtunzi, nasaba yake na tarehe, ambazo kwa kawaida tunazipita haraka tukizihesabu kuwa kaida tu. Zinaonyesha kwamba utenzi unaweza kumtaja mtu bila kumsifu, kwa kusema tu kwamba alikuwapo, ni mwana wa fulani, wa mji fulani, mwaka fulani. Mtunzi atakayeipisha nafasi hiyo ili aingie mtu aliyefia njiani mwaka wa 1917, pamoja na jina la babake na kijiji chake, bado hatujampata.