Picha si uongo, lakini je, ni ukweli?

MWEZI uliopita nilinunua matairi manne ya mtumba kwa njia ya simu. Muuzaji alinitumia picha tatu nzuri kwelikweli: kashata nene, mpira mweusi unaong'aa, ubavu hauna mkwaruzo. Nikatuma laki mbili na nusu, matairi yakaja kwa basi. Fundi wa pancha aliyageuza tu, akanionesha tarakimu nne upande wa pili: 0912. Yaani yalitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2012. Mpira ulishaanza nyufa ndogo ndogo, na tairi la namna hiyo hupasuka gari likiwa kwenye mwendo.

Nilipompigia, muuzaji hakukasirika. "Mzee, nimekudanganya wapi? Uliyoyaona ndiyo uliyoyapata. Tarehe hukuuliza."

Ndugu msomaji, jibu hilo limeninyima usingizi, maana lina ukweli ndani yake. Tarehe mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu wa tairi. Yeye alipiga picha ule mwingine. Hakutamka neno la uongo. Je, kunyamaza ni kudanganya?

Sote tunaijua habari ya Mtume (s.a.w) alipopita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani na kukuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa alichosema. Alilaumiwa kwa kutoweka kilicholowa juu watu wakaona. Picha ya simu ni rundo ambalo mkono hauingii. Mahanafi wanaruhusu kununua usichokiona, lakini ukishakiona una hiari ya kukirudisha. Mashafii, ambao ndio wengi huku pwani, kauli yao yenye nguvu haiyakubali mauzo ya kitu maalumu kisichoonwa. Zamani nilidhani huo ni ugumu tu wa wanazuoni.

Watasema mnunuzi naye ana akili, aulize. Naam, aombe picha ya tarehe, namba ya spea, video ya injini ikiwaka. Lakini ajuaye la kuuliza ni fundi. Mama anayemnunulia mwanawe tairi la Bajaji hajui hata kama tairi lina tarehe. Tukisema haki yake ni kwa kadiri ya elimu yake, tumehalalisha kuwaibia wasiojua.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Muuzaji alikataa kuyachukua, nami nikaamua kuyauza. Nikayapanga barazani niyapige picha. Kabla sijafikiri lolote, mkono ulishayageuza, tarakimu zikaelekea ukutani. Mwanangu aliyekuwa akinisaidia akauliza, "Baba, mbona umeyageuza?"

Sikumjibu. Nilirudisha simu mfukoni. Matairi yangali pale barazani, na mama watoto anataka tuyakate yawe vyungu vya maua.