Deni Limekwisha, Rehani Haijafunguliwa

Mzee mmoja wa Luberizi alitujia na swali, nasi tukamwahidi kulijibu hapa, maana si lake peke yake. Miaka iliyopita alinunua motokari ya kubebea mizigo kwa fedha ya mkopo. Waliomkopesha hatutawataja. Motokari ile ilichukua mpunga na muhogo wa Bonde la Ruzizi mpaka soko la Sange, na siku nyingine ilifika Uvira. Mzee alilipa kila mwezi bila kukosa. Siku ya mwisho karani alimpa mkono, akamwambia: «Mzee, umemaliza.» Akarudi nyumbani kwa furaha, na jioni ile akawaita majirani.

Baadaye mtoto wake akaugua, ikabidi apasuliwe. Mzee akaamua kuiuza motokari. Mnunuzi akaja, akaitazama injini, akaridhika, akaomba kuona karte roze. Humo ilikuwa imeandikwa kwamba motokari ni rehani. Mzee akamwonyesha risiti zake. Mnunuzi akaenda kuuliza mjini, akaambiwa kwamba katika daftari rehani ile ingalipo. Hakurudi tena.

«Sasa niambieni,» mzee akatuuliza, «watu wale wamenidhulumu? Hawakuniibia kitu. Hawakudai hata faranga moja zaidi. Hawakufanya neno lolote.»

Hapo ndipo penye shida. Mtu asiyefanya neno lolote aweza kumdhulumu mwenzake?

Ili tujibu vema, yafaa kwanza tujue rehani ni nini. Zamani jambo hili lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Mtu akikopa aliweka kitu mikononi mwa mkopeshaji: kitambaa, jembe, bangili ya mkewe. Deni likilipwa, kitu kilirudi, na kila mtu alikiona kimerudi. Sheria ya mapatano iliyowekwa katika Kongo kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ilifuata njia hiyohiyo: anayeshika rehani alipaswa kuwa nayo mikononi, yeye au mtu mwingine waliyemchagua pamoja.

Lakini motokari si bangili. Ikifungiwa uani kwa mkopeshaji haileti kitu, nayo inaoza matairi, wakati mdaiwa hana njia ya kupata fedha ya kulipa. Hata watu wa kale waliona ubaya wa namna hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati Waisraeli walikatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu anayelichukua anauchukua uhai wa mwenzake. Kwa dereva wetu wa Bonde la Ruzizi motokari ndilo jiwe lake la kusagia.

Kwa hiyo wanasheria walitafuta njia nyingine, nasi twaona ni njia ya akili. Motokari ikae kwa mwenyewe, ifanye kazi, ilipe deni lake yenyewe. Bali rehani iandikwe katika daftari ambalo watu wote waweza kuliuliza. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo yetu imo katika mapatano ya OHADA, yaliyotiwa sahihi huko Port-Louis mwaka 1993, ambayo yaliunganisha sheria za biashara za nchi nyingi za Afrika. Sheria yao ya rehani, iliyotengenezwa upya mjini Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ndiyo inayotumika kwetu. Yasema kwamba rehani ya namna hii iandikwe katika daftari la biashara na mikopo, lile ambalo wenye maduka hulijua kwa herufi zake za Kifaransa, RCCM. Na kwa motokari yataka neno la rehani liandikwe pia juu ya hati yake ya kutembea barabarani. Hivyo anayetaka kununua ana mahali pawili pa kutazama.

Na kufungua? Deni likiisha, mkopeshaji huandika barua ya kukubali kwamba rehani ifutwe. Barua hiyo hupelekwa kwenye daftari, maandishi yakafutwa, na hati ya motokari nayo ikasahihishwa. Mkopeshaji akikataa bila sababu, mdaiwa aweza kwenda mbele ya tribinali, na hakimu akaamuru yafutwe. Majirani zetu wana desturi zinazofanana. Kule Kenya, mtu akinunua gari kwa mkopo, kwa kawaida jina la benki huandikwa pamoja na jina lake katika hati ambayo wenyewe huiita logibuku. Akimaliza kulipa, benki lazima itoke katika hati ile, vinginevyo mwenye gari hawezi kuliuza peke yake.

Sasa turudi kwa mzee. Zamani mkopeshaji alishika rehani kwa mkono. Leo haishiki kwa mkono, anaishika kwa maandishi. Daftari limechukua mahali pa mkono wake. Basi kama zamani aliyelipwa angekataa kurudisha bangili sote tungemwita mnyang'anyi, aliyelipwa leo akayaacha maandishi yabaki, tumwite nani? Motokari inalala uani kwa mzee, ni kweli, lakini hana uwezo wa kuiuza, wala wa kuiweka rehani mahali pengine ili mtoto apasuliwe. Sehemu kubwa ya mali yake ingali mikononi mwa mtu ambaye hadai kitu tena.

Kwa hiyo tunajibu: ndiyo, amedhulumiwa. Kutofanya neno ni dhuluma pale ambapo neno lile ni la mwenzako nawe ndiwe unayelishika. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama anayeshika mali ya mtu apaswa kuirudisha mara moja, au aweza kungoja. Alijibu kwamba apaswa mara moja, au aombe nafasi kwa mwenye mali. Kwani kukawia kurudisha ni namna ya kuendelea kushika. Na katika Kitabu cha Kutoka, joho la maskini lililowekwa rehani lilitakiwa kurudi kabla ya jua kuchwa, hata deni likiwa bado!

Wakopeshaji watatujibu: «Yeye ndiye angekuja kuomba barua. Sheria haituambii tumfuate nyumbani.» Neno hili lina ukweli kidogo. Mzee naye alikosa kuuliza. Lakini tutazame nani ajuaye na nani asiyejua. Karani anajua kwamba kuna daftari, anajua ni barua gani inayohitajika, yeye mwenyewe aliipeleka ile ya kwanza ya kuandikisha rehani, tena siku ileile fedha ilipotoka! Mzee anajua kulima, kuendesha na kulipa. Ikiwa twakimbia siku ya kufunga na tunakawia siku ya kufungua, tusijifiche nyuma ya ujinga wa mwenzetu.

Lakini tusiwapendelee wadaiwa. Wako wanaosema karte roze imepotea, wakaomba nyingine, wakauza motokari ambayo deni lake halijafika nusu. Huo ni wizi wa mara mbili, kwa mkopeshaji na kwa mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi ni mkulima aliyeuza ng'ombe wake wote. Twawasihi wanaonunua motokari au pikipiki katika masoko yetu wasiridhike kutazama injini tu. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja.

Iko hali nyingine ambayo yatupasa kuisema kwa upole. Mwezi wa Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, mabenki ya mji yalifunga milango. Mtu aliyekuwa tayari kulipa angelipa wapi? Na aliyekwisha lipa angepata wapi barua yake? Asiyeweza hana hatia. Hakuna anayefungwa na lisilowezekana. Lakini kutoweza kuna mipaka yake. Mkopeshaji aliyekimbilia mji mwingine akiwa na simu yake, orodha zake na kalamu yake, anayepokea bado malipo ya wengine kwa simu, hawezi kusema kwamba kwa kuandika barua tu ndiko vita vimemzuia. Anayeweza kupokea aweza pia kuachilia.

Mzee tulimwambia hivi. Akusanye risiti zote. Aandike barua mbili zilizo sawa kwa wale waliomkopesha, akiomba kibali cha kufuta rehani, na moja airudishe nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Akipata kibali, aende nacho kwenye daftari yeye mwenyewe, asimtume mtu, kisha aombe karte roze isahihishwe. Wakinyamaza, barua yenye muhuri itamsaidia mbele ya hakimu.

Karani aliyempa mkono siku ile amekwisha hama, na hakuna aliyebaki ofisini anayemkumbuka mzee. Risiti alizileta kwetu katika kopo la maziwa ya unga, tukazihesabu pamoja mezani. Mbili zimeliwa na panya. Ya mwisho ipo, na sahihi inasomeka.