Hesabu ya Undugu

Je, wema ukikwisha kupimwa kwa hesabu hubaki kuwa wema? Swali hili lilikuja na kazi ya William Donald Hamilton, Mwingereza aliyezaliwa Cairo mwaka 1936, aliyechunguza viumbe kwa hesabu. Alipokuwa mwanafunzi London alifanya kazi karibu peke yake. Upweke ulipomzidi alikwenda kukaa katika stesheni ya Waterloo, apate japo kuona watu. Mwaka 1964 alitoa kanuni yake: tabia ya kujitolea huweza kuenea kizazi hata kizazi ikiwa faida ya msaidiwa, ikizidishwa kwa sehemu ya damu wanayoshiriki, yapita hasara ya msaidizi. Mtoto wa kuzaa ni nusu. Mtoto wa ndugu ni robo. Binamu ni thumuni.

Kanuni hiyo hugusa Nkwenda, katika Wilaya ya Kyerwa, kwa njia ya msiba. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha yatima wengi mikononi mwa jamaa. Na afikiriwe mtu wa Nkwenda, mwenye migomba na mibuni michache, aliyeletewa watoto wawili wa marehemu kaka yake. Kwa Hamilton, hao wawili ni sawa na mmoja wa kumzaa. Walakini wao humwita baba mdogo, naye huwaita wanangu. Lugha haina robo ya mwana. Chakula kikipungua, agawe kwa damu au kwa jina?

Wako wasemao kwamba kanuni hueleza yaliyokuwa, haiamuru yapasayo. Ni kweli, lakini ni jibu jepesi mno. Ikiwa moyo wenyewe ulifinyangwa na hesabu hiyo, huenda mkono ukapunja bila mwenyewe kujua. Hapana shaka jina la baba mdogo ni nira iliyofungwa pale hasa damu inapolegea.

Na jirani asiye jamaa? Mwaka 1981 Hamilton na Robert Axelrod walionyesha kuwa msaada huweza kudumu baina ya wasio ndugu, maadamu hukutana tena na tena. Yatima mchanga, lakini, atarudisha nini?

Januari 2000 Hamilton alikwenda Kongo, pande za Kisangani, kutafuta kinyesi cha sokwe, apime dhana kwamba Ukimwi ulitokana na chanjo ya polio. Alirudi mgonjwa, akafa London tarehe 7 Machi. Mwaka 2004 uchunguzi wa virusi vya sokwe wa huko uliikanusha dhana ile. Wale aliotaka kujua chanzo cha msiba wao hawakuwa na hata thumuni ya damu yake.