Kijana wa Chuo na Baridi ya Jioni



Ndugu zangu katika imani, kila vyuo vinapofunguliwa kijana wa Tanga au Lindi hupanda basi kwenda kusomea ualimu, kilimo au uuguzi huko Njombe, Makete au Mufindi. Chuo chenyewe ni kidogo, kimezungukwa na mashamba ya mahindi na misitu ya mbao. Waislamu ni wachache, na pengine swala ya Ijumaa ni safari ya bodaboda. Jua likizama baridi inashuka, na pa kwenda hapana. Penye taa na watu ni kilabu cha ulanzi, au baa yenye televisheni inayoonyesha mpira.

Huanza na mechi. Wenzake wa bweni wanakwenda, naye anafuatana nao, anaagiza soda. Siku zikipita, ile soda inageuka kichekesho. Anaambiwa baridi ya huku haitaki soda.

Hoja hii ya baridi ni kongwe. Daylam al-Himyari (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba wao wanaishi katika nchi ya baridi, wanafanya kazi nzito, na hutengeneza kinywaji cha ngano kiwape nguvu ya kuhimili hali hiyo. Mtume hakubishana naye kuhusu baridi wala kuhusu kazi. Aliuliza kama kinalevya. Alipojibiwa ndiyo, akaamuru kiepukwe. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Basi, mwanangu, ulanzi nao uulizie swali hilohilo. Ukigemwa tu ni utomvu mtamu wa mwanzi. Ukikaa unachacha, tena upesi, hata anayeunywa jioni kilabuni hawezi kujidai kwamba anakunywa maji matamu. Na kama ni joto unalitafuta, pombe husukuma damu kwenye ngozi ukajihisi umepata moto, kumbe ndivyo mwili unavyozidi kupoteza joto lake.

Ila mimi sidhani kama kijana huyu anafuata joto. Anafuata watu. Yuko mbali na kwao, jioni ni ndefu, naye anataka kuitwa jina lake na kuchekewa utani wake.

Na hapo ndipo pombe inapomdanganya. Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida, zilizokata kabisa shauri la pombe, hazikutaja ini wala mfuko. Zimetaja uadui na chuki anavyotaka shetani kuvitia baina yetu, na kuzuiwa kumkumbuka Allah na kuswali. Imamu Muslim amepokea kisa cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kuhusu kuteremka kwa aya hizo. Muhajirina na Ansari walikaa bustanini, wakala kichwa cha ngamia cha kuchoma, wakanywa. Saad akasema Muhajirina ni bora kuliko Ansari. Mtu mmoja akanyakua taya la yule ngamia, akampiga nalo puani, akamjeruhi. Hao ni masahaba, waliofungiwa undugu na Mtume mwenyewe. Sembuse vijana waliojuana juzi tu, wanaobishana Simba na Yanga?

Sasa niwageukie nyinyi, waumini wenye maduka na nyumba katika miji hiyo. Kulaumu tunakujua. Viroba vya pombe vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 tulishukuru, na ilistahili, lakini baa hazikukosa wateja. Mtume (s.a.w.) amemkataza muumini kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe, ameipokea Tirmidhi. Tunawasomea vijana hadithi hiyo, kisha hatuwaonyeshi meza nyingine. Mzee wangu, sebuleni kwako pana televisheni. Siku ya mechi umefunga geti, na mwenye baa kafungua milango yote miwili. Wakaribishe vijana watano, uwape chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Watapiga kelele, watachafua zulia; vumilia. Na mama wa nyumba awaite mabinti wa chuo siku yao, kwani wao hununuliwa kinywaji na watu wasiowatakia heri, na hawana wa kumwambia.

Na yule ambaye amekwisha kunywa? Bukhari amepokea habari za mtu mmoja wa zama za Mtume, Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume na aliyeadhibiwa mara nyingi kwa ulevi. Siku moja alipoletwa tena, mtu akamlaani. Mtume akamkataza, akaapa kwamba anamjua mtu huyo kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilibaki pale pale, lakini laana ilikatazwa.

Basi akija msikitini kijana ananuka pombe, asikutane na vidole na minong'ono. Akiwa bado amelewa, mwekeni pembeni mpaka ajue anachokisema, kwa kuwa Suratun Nisaa, aya ya 43, imekataza kuikaribia swala katika hali hiyo. Akilevuka, mpeni maji aoge na chakula ale, kisha mwambieni haramu ni haramu bila kumung'unya maneno. Halafu muulizeni anakaa bweni gani, ili Jumamosi mumpitie kabla wenzake hawajampitia.